Tuta la Mgodi ni Amana ya Walio Chini Yake

Siku ya Ijumaa, tarehe 25 Januari, 2019, saa 6 na dakika 28 za mchana, wafanyakazi wa mgodi wa chuma wa Córrego do Feijão, karibu na mji wa Brumadinho nchini Brazil, walikuwa katika ukumbi wao wa chakula. Juu yao, katika bonde, lilisimama tuta la udongo na mabaki ya mgodi lenye kimo cha mita 86. Katika muda wa sekunde chache tuta hilo liliporomoka, na kabla ya kutimia dakika 5 likawa limemwaga tope la kiasi cha mita za ujazo milioni 9.7. Ukumbi wa chakula ulikuwa chini ya tuta. Ofisi za mgodi nazo zilikuwa chini ya tuta. Watu 270 walipoteza maisha yao, na miili ya baadhi yao ilitafutwa matopeni kwa miaka.

Misiba ni mingi duniani, na safu hii haina desturi ya kuhesabu maiti za ugenini kwa ajili ya kuwatisha wasomaji. Tumeutaja msiba huu kwa sababu maalumu. Tuta la Brumadinho halikuwa tuta lililosahauliwa porini. Lilianza kujengwa mwaka 1976, likaongezwa kimo awamu kwa awamu hadi mwaka 2013, na tangu mwaka 2016 lilikuwa halipokei tope jipya. Lilikuwa na vyombo vya kupimia maji yaliyomo ndani yake. Lilikuwa na ving'ora. Juu ya hayo yote, mwaka 2018, yaani miezi michache tu kabla ya kuanguka, kampuni ya wakaguzi ilikuwa imetia saini hati ya kuthibitisha kwamba tuta ni imara. Kila karatasi ambayo ofisi yaweza kuidai ilikuwamo katika faili. Siku ilipofika ving'ora havikulia, na hati ile haikuzuia hata kata moja ya tope.

Hapana budi basi tuulize: hati hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya mwenye mgodi aliyeilipia, au ilikuwa ya wale waliokuwa wakila chakula chini ya tuta? Makala yetu ya leo inashikilia kwamba tuta la kuzuia mabaki ya mgodi ni amana, na kwamba wenye amana hiyo ni watu wakaao chini yake. Ikiwa ndivyo, basi usimamizi wake, ukaguzi wake na saini zake zote hazina budi kuwa mali ya watu hao, wala si mali ya yule anayepata faida kwa kuwapo kwake.

LATUHUSU NINI SISI WA VISIWANI?

Msomaji wa visiwani aweza kusema: "Sisi hatuna mgodi wa dhahabu wala wa shaba. Chini ya nyayo zetu mna matumbawe na mchanga. Mambo ya matuta ya migodi waachiwe wenye milima." Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu kabla hatujaendelea mbele.

Jibu la kwanza ni kwamba tope halikai mlimani. Tarehe 5 Novemba, 2015, katika jimbo lile lile la Minas Gerais, lilivunjika tuta jingine liitwalo Fundão, mali ya kampuni ya Samarco. Watu 19 walikufa na kijiji cha Bento Rodrigues kikafunikwa. Lakini mambo hayakuishia hapo. Tope liliingia katika mto Doce, likasafiri zaidi ya kilomita 600, na baada ya siku zipatazo 16 likaingia katika bahari ya Atlantiki. Mvuvi aliyekuwa akitega nyavu zake mdomoni mwa mto hakupata kuuona mgodi huo hata siku moja, wala hakupata senti moja ya chuma chake. Hata hivyo, mwezi Februari 2016 mahakama iliamuru uvuvi usimamishwe katika maji ya pwani hiyo. Mlima ndio uliotenda kosa, na adhabu ikaiangukia pwani.

Jibu la pili ni kwamba visiwa navyo vimewahi kuchimbwa, na kisiwa kilichochimbwa hakina mahali pa kutupia taka yake ila katika mito yake mifupi na katika bahari yake. Ushahidi upo katika kisiwa cha Marinduque, nchini Ufilipino. Kampuni ya Marcopper ilichimba shaba huko. Kati ya mwaka 1975 na mwaka 1991, tani zinazokadiriwa kufika milioni 200 za mabaki ya mgodi zilimwagwa katika ghuba ya Calancan, mahali ambapo wananchi walikuwa wakivua. Kisha likajengwa tuta la udongo huko Maguila-guila, juu ya mji wa Mogpog. Tarehe 6 Desemba, 1993, wakati wa mvua za tufani, tuta hilo lilipasuka. Tope likaingia mjini, na watoto wawili wakafa. Haikupita miaka mitatu, tarehe 24 Machi, 1996, kizibo cha handaki lililotoka katika shimo la mgodi lililojazwa mabaki kikaachia. Zaidi ya mita za ujazo milioni moja na nusu za tope zikaushukia mto Boac mpaka baharini. Mgodi ukafungwa, lakini kisiwa hakikuweza kufungwa. Wananchi walifungua kesi mwaka 2001, na hukumu ya kuwapa fidia ikatolewa mwaka 2022. Mtoto aliyezaliwa siku kesi ilipofunguliwa alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura.

Jibu la tatu latuelekea sisi wenyewe. Vijana wetu huvuka bahari kwenda kutafuta riziki Bara, migodini na kwingineko. Wabunge wetu hukaa katika Bunge ambamo sheria za madini hupitishwa. Haifai mtu kunyoosha mkono kuunga mkono sheria ya jambo asilolijua kwa kuwa jambo hilo haliko nyuma ya nyumba yake.

JINSI TUTA LINAVYOZALIWA

Kwanza yafaa tueleze kitu chenyewe ni nini. Mwamba wenye dhahabu aghalabu huwa na gramu chache tu za dhahabu katika kila tani moja. Ili kuzipata gramu hizo, mwamba wote husagwa mpaka ukawa unga, ukachanganywa na maji na, mara nyingi, na kemikali kali kama sianidi. Gramu zikisha kutoka, tani hubaki. Kinachobaki ni uji mzito usiofaa kurudishwa mtoni wala kumwagwa shambani. Ndipo linapochaguliwa bonde, na mbele ya bonde hilo hujengwa tuta la udongo, na uji humiminwa nyuma ya tuta.

Mtu asidhani kuwa bwawa hili ni ndugu wa bwawa la maji. Bwawa la maji hujengwa likamalizika, ndipo likajazwa. Bwawa la tope hujazwa huku likijengwa, na kimo chake hupanda mwaka baada ya mwaka kwa kadiri mgodi unavyozidi kusaga. Bwawa la maji lina faida katika maji yake, kwa hiyo mwenyewe hulitunza kama mkulima anavyomtunza ng'ombe wa maziwa. Bwawa la tope halimpi mwenyewe chochote ila gharama. Tena bwawa la maji likitiliwa shaka laweza kufunguliwa likapungua. Tope halifunguliwi. Hukaa pale pale hata baada ya dhahabu kwisha, mitambo kung'olewa na wageni kurudi kwao.

Katika kulipandisha tuta ziko njia kuu tatu. Ya kwanza ni kulipanua kwa upande wa nje, juu ya ardhi ngumu, kila linapoongezwa kimo. Njia hii hutaka udongo na mawe mengi mno, na kwa hiyo fedha nyingi. Ya pili ni kulipandisha kwa upande wa ndani, yaani kila tuta jipya kusimama kwa sehemu kubwa juu ya tope lililomwagwa zamani. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa tope lenyewe hugeuzwa kuwa msingi. Ya tatu iko katikati ya hizo mbili. Tuta la Brumadinho lilijengwa kwa njia ile ya pili. Ni sawa na fundi anayejenga ukuta wa ghorofa juu ya sakafu ambayo hajui kama imekauka.

ADUI NI MAJI

Mwananchi wa pwani hahitaji kitabu ili kuifahamu khatari ya jambo hili. Maji yanapokupwa, simama juu ya mchanga uliolowa. Utauona mgumu, unakubeba. Sasa upigepige kwa mguu mahali pamoja. Maji yatapanda, mchanga utalegea kama uji, na mguu utazama. Mchanga ni ule ule na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kwamba chembe zilizokuwa zimeshikamana zimeachana, na uzito uliobebwa na chembe sasa umebebwa na maji, nayo maji hayana mgongo.

Hivyo ndivyo matuta mengi ya tope yanavyokufa. Wataalamu walioichunguza ajali ya Brumadinho walieleza katika ripoti yao ya Desemba 2019 kwamba tuta lile lilikuwa limejaa maji kwa sababu halikuwa na njia za kutosha za kuyatoa, kwamba mvua kubwa zililipunguzia nguvu, na kwamba lilikuwa likinyumbuka ndani kwa ndani polepole sana. Hapakuwa na tetemeko la ardhi. Hapakuwa na dalili kubwa ya kuonekana kwa macho. Tuta lilisimama kama kawaida yake, kisha likawa uji.

Mahali pengine sababu huwa dhahiri zaidi. Tarehe 28 Machi, 1965, tetemeko la ardhi nchini Chile liliyavunja matuta ya mgodi wa shaba wa El Cobre, na watu zaidi ya 200 wakafunikwa. Tarehe 22 Februari, 1994, huko Merriespruit, Afrika ya Kusini, mvua ya dhoruba ilijaza bwawa la mgodi wa dhahabu lililokuwa juu ya makazi ya watu; maji yakapita juu ya tuta, yakalila, na watu 17 wakafa. Tetemeko, mvua, au uzembe wa kutotoa maji: milango ni mingi, lakini aingiaye ni yule yule.

Nchi ya Chile ilijifunza mapema. Mwaka 1970 iliipiga marufuku ile njia ya kupandisha tuta juu ya tope. Brazil ilikuja kuipiga marufuku mwezi Februari 2019, maiti za Brumadinho zikiwa bado zinafukuliwa. Kati ya marufuku hizo mbili imepita miaka 49. Elimu haikukosekana katika miaka hiyo. Vitabu vilikuwapo na wahandisi walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye madaraka wa kumwambia mwenye mgodi kwamba njia ya rahisi haimfai kila aliye bondeni.

MKAGULIWA ALIYEJIKAGUA

Tukitaka kuona jinsi amana inavyopotea ofisini kabla haijapotea mlimani, tuangalie bonde la Stava, kaskazini mwa Italia. Huko palikuwa na mabwawa mawili ya tope ya mgodi, moja juu ya jingine. Chini yake walikaa wananchi, na palikuwa na hoteli za watu waliokuja kupumzika. Mwaka 1974 halmashauri ya Tesero, ambayo bonde hilo lilikuwa lake, iliingiwa na shaka ikauliza rasmi: je, mabwawa haya ni salama? Swali lilikuwa jema, nalo liliulizwa kwa wakati. Idara ya serikali iliyohusika na migodi ililipokea, kisha ikaipa kazi ya uchunguzi kampuni ile ile iliyoumiliki mgodi. Jibu likaja kwamba hapana la kuogopa, na tuta la juu likaendelea kuongezwa.

Tarehe 19 Julai, 1985, baada ya saa 6 ya mchana, tuta la juu lilivunjika na kuliangukia la chini. Tope lililotoka lilikuwa mita za ujazo 180,000 tu, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na cha Brazil. Lakini lilishuka bondeni kwa kasi kuliko ya gari katika barabara nzuri, na likaua watu 268. Miaka ikapita katika mahakama, na watu 10 wakatiwa hatiani.

Ndugu msomaji, watu 268 hao hawakufa kwa kukosa kuuliza. Walifariki kwa sababu swali lao lilikabidhiwa mtu asiyekuwa na haja ya kulijibu kwa ukweli. Wahenga walisema, kesi ya nyani hakimu ngedere. Hakuna sheria ya madini, hata iwe nzuri namna gani, itakayoweza kuokoa mtu ikiwa mkaguliwa ndiye mkaguzi, au ikiwa mkaguzi hula katika sahani ya mkaguliwa.

Uko na mfano mwingine. Tarehe 26 Februari, 1972, katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia nchini Marekani, tuta la mabaki ya makaa ya mawe lilipasuka na kuua watu 125. Siku 4 kabla yake mkaguzi wa serikali alikuwa amelipita na kuandika kwamba hali ni ya kuridhisha. Baada ya msiba, wakili wa kampuni alisema kuwa mafuriko yale yalikuwa kazi ya Mungu. Sisi tuliolelewa katika vyuo vya Kurani twajua kwamba hakuna jani liangukalo ila kwa idhini ya Mola. Lakini twajua pia kwamba kudura haikupata kuwa kichaka cha kujifichia aliyepewa amana akaipoteza. Mvua ilitoka mbinguni. Tuta lilijengwa na watu, kwa vipimo vyao na kwa bei waliyoichagua wao.

AFRIKA NA KWETU

Bara letu halijasalimika. Tarehe 25 Septemba, 1970, tope la bwawa lililokuwa juu ya mgodi wa shaba wa Mufulira, nchini Zambia, lilitoboa ardhi na kuingia ndani ya mgodi usiku, wachimbaji wakiwa kazini, 89 hawakurudi. Katika nchi hiyo hiyo, tarehe 18 Februari, 2025, bwawa la taka zenye asidi la mgodi mmoja wa shaba lilivunjika, na sumu ikaingia katika mto Kafue, ambao mamilioni ya watu huutegemea. Mji mkubwa wa Kitwe ulilazimika kukatiwa maji.

Hapa Tanzania, tarehe 7 Novemba, 2022, lilibomoka tuta la bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Tope lilifunika mashamba na makazi ya wananchi. Twamshukuru Mungu kwamba hakufa mtu. Lakini itakuwa makosa makubwa tukiichukulia salama hiyo kuwa ushahidi wa uimara. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema watu. Na katika mambo haya, asiyeziba ufa huchimba makaburi kabla ya kujenga ukuta.

Ni haki vile vile kutaja mahali ambapo mamlaka ilitenda. Mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya uchafuzi uliohusishwa na bwawa lake la tope, na mwezi Julai mwaka huo likaamuru bwawa hilo lisitumike mpaka kasoro zirekebishwe. Baraza liliona tuta linavuja, likasimamisha kazi, na dhahabu ikangoja. Huo ndio utaratibu tunaoutaka. Mkaguzi mwenye uwezo wa kusimamisha mgodi ni bora kuliko tume kumi za kuchunguza msiba.

YANAYOPASA KUFANYWA

Tarehe 5 Agosti, 2020, kutokana na msiba wa Brumadinho, ilitangazwa Kanuni ya Kimataifa ya usimamizi wa mabwawa ya tope, iliyotayarishwa kwa ushirikiano wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, chama cha makampuni makubwa ya madini na wenye mitaji. Shabaha yake ni kwamba asidhurike hata mtu mmoja. Pamoja na mengine, yataka awepo kiongozi wa ngazi ya juu katika kampuni, anayejulikana, ambaye usalama wa tuta uko mikononi mwake. Kanuni hiyo ni njema, lakini haina polisi wala mahakama. Ni serikali na wananchi watakaoitia meno. Kwa maoni ya safu hii, mambo matano hayana budi kushikwa.

Kwanza, mkaguzi wa tuta asichaguliwe na asilipwe moja kwa moja na mwenye mgodi. Ada itolewe na mgodi, ndiyo, lakini iwekwe mikononi mwa mamlaka ya umma, nayo mamlaka imchague mkaguzi na kumbadilisha kila baada ya muda. Ripoti yake ipelekwe kwa halmashauri ya wilaya siku ile ile inapopelekwa kwa kampuni.

Pili, tuta jipya lisipandishwe juu ya tope, na yale ya zamani ya namna hiyo yategemezwe kwa mawe au yaondolewe kwa ratiba inayojulikana.

Tatu, mtu asiwekwe katika njia ya tope. Kabla ya bwawa kujazwa, ichorwe ramani ya kuonyesha tope litapita wapi likivunjika, na katika dakika ngapi. Ramani hiyo ibandikwe katika ofisi ya kijiji na katika skuli, kwa Kiswahili, wala isifungiwe kabatini kama siri. Waliomo ndani ya mstari wahamishwe kwa fidia ya haki kabla ya kazi kuanza. Ukumbi wa chakula wa Brumadinho ungaliweza kujengwa upande wa pili wa kilima. Hakuna fundi ambaye angeshindwa.

Nne, fedha za kulitunza tuta baada ya mgodi kufungwa ziwekwe akiba tangu mwanzo, wakati dhahabu ingali inatoka. Mgodi una umri kama mtu: hufanya kazi miaka 20 au 30, ukastaafu. Tuta halistaafu. Mvua itaendelea kulinyeshea wakati wajukuu wa aliyetia saini wamekwisha kuwa wazee, na mtu atakayezibua mifereji yake siku hiyo lazima awe na mshahara unaotoka mahali fulani.

Tano, wananchi wa bondeni wawe na haki ya kuuliza, na swali lao lijibiwe kwa maandishi na mtu asiyekuwa na faida katika jibu. Tukumbuke Stava.

Wako watakaosema kwamba masharti haya ni ghali, na kwamba taifa changa lahitaji fedha za madini kwa hospitali na barabara. Fedha za madini twazihitaji, hapana ubishi. Lakini hesabu ikamilishwe. Mwezi Februari 2021 kampuni ya Vale, mwenye mgodi wa Brumadinho, ilikubali kulipa reali za Brazil zaidi ya bilioni 37 kwa ajili ya madhara ya tuta lile moja. Ni nchi gani maskini itakayomwona mwenye mgodi akilipa fedha kama hizo, ikiwa mgodi ulikwisha kufungwa na mwenyewe kuondoka? Gharama isiyolipwa na kampuni hailipwi na hewa. Hulipwa na mkulima kwa shamba lake, na mvuvi kwa bahari yake, na mama kwa mwanawe.

Wako pia watakaosema kwamba matuta mengi yamesimama na hayajaanguka. Ni kweli, mengi yamesimama. Lakini ukuta wa kawaida husifiwa kwa kusimama miaka 50, nao ukichoka hubomolewa ukajengwa mwingine. Tuta la tope latakiwa kusimama daima. Kusimama kwake jana ni khabari njema, wala si dhamana ya kesho.

Ndugu viongozi mnaokaa mezani ambapo hati hizi huletwa: kabla ya kuweka saini, ulizeni nani aliyemlipa mtu aliyeandika kuwa tuta ni imara, nendeni mkasimame chini ya tuta lenyewe msimu wa masika, na mkaulize ni nani wanaolala hapo. Ikiwa hamko tayari kuwalaza watoto wenu mahali hapo kwa usiku mmoja, hati irudishwe ilikotoka. Nanyi, wananchi wa visiwani, msiyaone mambo haya kuwa ya watu wa mbali. Mito yote humwagika baharini, na sisi ndio tukaao mwisho wa mito.